Takwimu, Wataalamu na Wakazi wa Dar es Salaam

Mwanasayansi anayetaka jamii inufaike na kazi yake ana vitu vitatu vya kutoa. Cha kwanza ni data zenyewe: milimita za mvua zilizopimwa kila asubuhi, idadi ya viluwiluwi waliokutwa kwenye dimbwi, upana na kina cha mtaro. Cha pili ni matokeo, yaani kile ambacho data hizo zimeonyesha baada ya kuchambuliwa. Cha tatu ni utaalamu, ule uzoefu wa kueleza vipimo hivyo vinamtaka mtu afanye nini kabla masika hayajaanza. Mijadala kuhusu uwazi wa sayansi hukaa zaidi kwenye cha kwanza, pengine kwa kuwa ndicho rahisi: faili linawekwa kwenye tovuti na kazi inahesabiwa kuwa imekwisha. Mwenye duka la nguo Mtaa wa Kongo, Kariakoo, hana shida na faili. Anachotaka kujua ni kama Barabara ya Morogoro itapitika kesho pale Jangwani, kama mzigo wake uliopo chini utalowa, na kama jengo alilopanga litabaki limesimama.

Dar es Salaam, jiji lililohesabiwa kuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya Agosti 2022, limejaribu karibu kila njia ya kufikisha maarifa ya kitaalamu kwa wananchi: redio, vikao vya mtaa, ramani, tahadhari za hali ya hewa, matamko ya wizara, na kwa vipindi fulani ukimya. Sehemu kubwa ya majaribio hayo imefanyika au imesimamiwa ndani ya eneo linaloweza kutembewa kwa miguu, kutoka ukingo wa bahari hadi Kariakoo, na kutoka Kariakoo kushuka bonde la Mto Msimbazi. Ukiyatazama kwa mfululizo, unaona kwamba njia zilizofaulu zaidi ni zile zilizokuwa na mkondo wa kurudi: aliyepewa taarifa alikuwa pia na pa kupeleka anachokijua yeye.

Jaribio kubwa la mwanzo lilikuwa la redio. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo makao yake yapo Mtaa wa Bibi Titi Mohamed, ng'ambo kidogo tu ya Mnazi Mmoja, iliendesha mwaka 1973 kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Kabla yake zilikuwepo nyingine ndogo, mojawapo ikiwa ile ya 1971 ya kuadhimisha miaka kumi ya uhuru, na baada yake mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Mtu ni Afya ilidumu wiki 12 na inakadiriwa kuwa watu wapatao milioni 2 walishiriki. Mpango wake ulikuwa mwepesi kuueleza ingawa mgumu kuutekeleza: watu wa eneo moja walikutana kwa saa iliyopangwa, wakasikiliza kipindi cha Radio Tanzania Dar es Salaam, kiongozi wa kikundi akasoma kijitabu chenye somo la wiki hiyo, kisha wakajadiliana na kuazimia jambo la kufanya. Masomo yalihusu magonjwa ambayo mtu angeweza kuyazuia kwa jembe na koleo, kama malaria, kuhara damu, safura na kichocho. Kikundi kilichosikiliza kuhusu safura kilitoka na azimio la kuchimba vyoo, na wiki iliyofuata kiliulizana nani amechimba.

Nguvu ya kampeni hiyo haikuwa redio peke yake. Kipindi kinachosikilizwa na mtu mmoja nyumbani hupita kama upepo, lakini kinachosikilizwa na watu kumi wanaofahamiana huacha ahadi ambayo jirani anaikumbuka. Hata hivyo utaalamu ulitiririka upande mmoja. Daktari aliandika, mtangazaji akasoma, mwananchi akatenda. Kama kikundi fulani kiligundua kwamba udongo wa kwao ni mchanga mtupu na choo kinaporomoka kabla hakijafika kina kilichoandikwa, kijitabu hakikuwa na ukurasa wa kupokea habari hiyo.

Mwelekeo ulianza kubadilika miaka ya 1990, na badiliko lenyewe lilitoka nje ya jiji. Kati ya 1997 na 2004, Wizara ya Afya ikishirikiana na kituo cha utafiti cha Kanada kiitwacho IDRC iliendesha mradi uliojulikana kwa kifupi chake, TEHIP, katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Wahoji walipita nyumba kwa nyumba wakiandika vizazi, vifo na dalili zilizotangulia kifo. Data za namna hiyo kwa kawaida huishia kwenye majarida. Safari hii zilichorwa kuwa nguzo za rangi zinazoonyesha ugonjwa upi unabeba sehemu gani ya mzigo wa maradhi wilayani, na zikakabidhiwa kwa watu waliokuwa wakipanga bajeti ya afya ya wilaya ileile. Pembeni yake ikawekwa michoro ya jinsi fedha zilivyokuwa zikitumika. Pengo lilionekana kwa macho bila kuhitaji mkalimani: malaria na magonjwa ya watoto yalibeba mzigo mkubwa kuliko fungu yalilopewa. Bajeti zikasogezwa, na ndani ya miaka mitano vifo vya watoto katika wilaya hizo vikapungua kwa zaidi ya asilimia 40. Zilikuwepo sababu nyingine pia, zikiwemo vyandarua na mafunzo mapya kwa wahudumu, lakini ni vigumu kuiona hatua hiyo bila ile michoro. Waliopewa data walikuwa na kalamu ya kusaini matumizi, na walipewa kabla ya kusaini.

Ndani ya Dar es Salaam mkondo wa kurudi ulianza kwa kufuata mbu. Mwaka 2004 halmashauri za jiji, zikisaidiwa na Taasisi ya Afya Ifakara na vyuo vya nje, zilianzisha mpango wa kudhibiti malaria mijini katika kata 15, na kuanzia 2006 dawa ya kibiolojia ya kuua viluwiluwi ikaanza kunyunyizwa katika kata za Buguruni, Kurasini na Mikocheni. Malaria ya mjini ina tabia yake. Mbu hawazaliani kwenye ziwa moja linaloonekana kwenye picha ya satelaiti; huzaliana kwenye mtaro ulioziba, shimo la msingi wa nyumba ambayo mwenyewe ameishiwa fedha, bustani ya mchicha kando ya mto, alama ya tairi kwenye tope. Orodha ya mazalia hayo ilikuwa vichwani mwa watu wanaopita hapo kila siku.

Kazi ya kuyatafuta ikapewa wakazi wenyewe, waliolipwa posho ndogo. Kila mmoja alipangiwa eneo lake, na eneo hilo lilipimwa kwa mashina ya nyumba kumi, mfumo ulioanzishwa na TANU miaka ya 1960 na ambao bado ulikuwa unajulikana vizuri kuliko namba yoyote ya kiwanja. Mkazi alitembea na mjumbe, yaani kiongozi wa shina, akachora kwa mkono mchoro wa shina: nyumba ya fulani, kisima, mtaro, uwanja wazi, kila kiwanja kikapewa namba. Michoro hiyo ikapelekwa kwa mafundi wa ramani, wakailinganisha uwandani na picha za angani zilizowekewa plastiki ili zisilowe. Hapo ndipo kila upande ulipojifunza kutoka kwa mwenzake. Picha za angani zilifichua sehemu ambazo hazikuwa kwenye mchoro wowote, mara nyingi mabonde na viwanja vikubwa ambavyo havina nyumba na hivyo havina mjumbe. Ndiko pia maji yanakotuama. Michoro ya mkono nayo ilionyesha kilichofichwa na mabati na miembe, na ilitaja majina ambayo picha haiwezi kuyajua. Ramani iliyotokana na vyote viwili ilikuwa bora kuliko asili zake, na maambukizi yalipungua katika kata zilizonyunyiziwa.

Mfano huu una somo linalopitwa kirahisi. Mara nyingi wakazi wanaposhirikishwa katika utafiti, ushirikishwaji huo huchukuliwa kuwa adabu, namna ya kupiga hodi kabla ya kuingia. Hapa ulikuwa sehemu ya kipimo. Bila mkazi data zingekuwa na makosa, na bila fundi wa ramani makosa ya mkazi yasingeonekana.

Mafuriko yalilikuza jambo hili hadi kiwango cha jiji zima. Mto Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, ukapita Vingunguti, Buguruni na Kigogo, ukatawanyika Jangwani, hatua chache tu kutoka Kariakoo, kisha ukaingia baharini karibu na daraja la Salender. Mvua za Desemba 2011, zilizoelezwa kuwa kubwa kuliko zote tangu 1954, ziliua watu zaidi ya 40 jijini, na serikali ikawahamishia baadhi ya walionusurika Mabwepande. Wataalamu hawakushangazwa. Mpango wa mji wa 1979 ulikuwa umekwisha kulihesabu bonde hilo kuwa eneo hatarishi. Utaalamu ulikuwepo, kwenye karatasi kubwa zilizokunjwa ofisini, kwa zaidi ya miaka 30, huku nyumba zikiongezeka bondeni mwaka baada ya mwaka. Si wakazi maskini pekee walioupuuza. Karakana ya mabasi yaendayo haraka ilijengwa Jangwani penyewe, huduma zikaanza Mei 2016, na mwaka 2018 maji yakaingia na kuharibu mabasi.

Mwaka uleule wa mafuriko, 2011, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walikuwa wamefanya jaribio dogo Tandale, wakishirikiana na waliokuwa wameichora Kibera ya Nairobi miaka miwili kabla. Walichora mitaa ya Tandale katika OpenStreetMap, ramani huria ya dunia ambayo yeyote anaweza kuihariri na kuitumia bila malipo. Kutokana na uzoefu huo, mwaka 2015 ukazaliwa mradi wa Ramani Huria, ukiungwa mkono na Benki ya Dunia, Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Msalaba Mwekundu na wengine, huku nguvu kazi kubwa ikiwa wanafunzi wa Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliokuwa mafunzoni kwa vitendo. Picha zilipigwa kwa ndege ndogo zisizo na rubani. Wanafunzi wakachora majengo kutoka kwenye picha, kisha wakaingia mitaani na wenyeji kuandika kile ambacho kamera haikioni.

Mitaro ilipewa uzito wa pekee: upana, kina, imejengwa kwa zege au ni ya udongo, imeziba kwa taka au inapita. Ulipofika wakati wa kuandika historia ya mafuriko, kifaa cha kupimia kilikuwa kumbukumbu. Maji ya mwaka ule yalifika wapi? Watu walijibu kwa kujionyesha miilini: kifundo cha mguu, goti, kiuno, kifua. Mhaidrolojia aliyezoea sentimita angeweza kukidharau kipimo hicho, lakini katika mitaa ambayo haijawahi kuwa na kipimo cha maji hata kimoja, majibu ya majirani 20 yanayokubaliana juu ya goti ni data za kutosha kuhakiki hesabu za kompyuta. Ramani zilichapishwa kwa ukubwa wa ukuta na kupelekwa ofisi za kata. Mtendaji wa kata aliweza kuweka kidole juu ya mtaro ulioziba na kusema uzibuliwe huu kwanza. Zanzibar mwaka 2016 ilifuata njia iliyo karibu na hiyo, pale Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walipoanza kupiga picha za Unguja na Pemba nzima kwa ndege zisizo na rubani.

Lakini ramani haina rafiki wa kudumu. Kuanzia Desemba 2015 hadi Januari 2016, maafisa walipita bonde la Msimbazi wakipiga alama ya X kwa rangi nyekundu kwenye kuta za nyumba zilizotakiwa kubomolewa, na nyingi zikabomolewa. Kwa mkazi wa Mchikichini au Hananasif, mtu aliyeshika kifaa cha kupimia mwezi wa Machi na mwingine aliyeshika kopo la rangi mwezi wa Desemba hawana tofauti kubwa. Data inayomsaidia mtendaji kuzibua mtaro ndiyo hiyohiyo inayoweza kutumika kuonyesha nyumba zipi zipo ndani ya bonde. Mijadala ya takwimu huria hulipita jambo hili haraka mno, kana kwamba uwazi humfaidi kila mtu kwa kiwango sawa. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, lakini sheria hiyo inamlinda mtu na jina lake. Alama ya paa kwenye ramani haina jina, na mwenye paa bado anajulikana.

Tahadhari za hali ya hewa ni aina nyingine kabisa ya kushirikishana, kwa sababu thamani yake huoza ndani ya siku mbili. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, iliyokuwa wakala tangu 1999 na kupewa hadhi ya mamlaka kwa sheria ya 2019, imekuwa ikibadili lugha yake polepole kutoka ya vipimo kwenda ya athari. Utabiri wa msimu bado husema mvua zitakuwa za wastani, chini ya wastani au juu ya wastani, maneno ambayo mkulima huyapokea kwa mashaka kwa kuwa wastani wenyewe hajauona. Tahadhari ya siku chache ni tofauti. Ina ngazi tatu, angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, zenye rangi ya njano, chungwa na nyekundu; inataja mikoa, uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari; kisha inaeleza athari zenyewe, kama makazi kuzungukwa na maji au shughuli za uvuvi kusimama. Mvuvi wa Feri hahitaji kujua kasi ya upepo kwa kilomita. Akisikia kwamba vyombo vidogo visitoke, amepata utaalamu kamili.

Kimbunga Hidaya kilionyesha jinsi mfumo huo unavyoweza kufanya kazi. Mwanzoni mwa Mei 2024 mamlaka ilikuwa ikitoa taarifa mfululizo kuhusu mahali kilipo na kinakoelekea, boti za abiria kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasitishwa, na kimbunga kikafika pwani karibu na Mafia tarehe 4 Mei. Kilikuja mwishoni mwa msimu mgumu. Mvua za El Niño zilikuwa zimetabiriwa tangu 2023, na bado tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamekufa nchini. Tofauti ya matukio hayo mawili inafundisha. Tahadhari ya kimbunga ilihitaji uamuzi wa wachache wenye mamlaka ya kuzuia boti kung'oa nanga. Utabiri wa El Niño ulihitaji maelfu ya kaya zihame, mitaro izibuliwe na fedha zitengwe miezi kadhaa kabla, na habari njema au mbaya haitoshi kuyafanya hayo.

Suala la nani ana ruhusa ya kusema limekuwa zito kuliko la teknolojia. Desemba 2016 mkurugenzi mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), Dkt. Mwele Malecela, alitangaza kwamba utafiti ulikuwa umeonyesha dalili za maambukizi ya virusi vya Zika kwa baadhi ya watu waliopimwa nchini. Wizara ya Afya ikaeleza kuwa hakuna mlipuko wa Zika Tanzania, na ndani ya muda mfupi uteuzi wake ukatenguliwa. Kauli zote mbili zingeweza kuwa kweli kwa pamoja, kwa sababu dalili za maambukizi katika damu ni kitu kimoja na mlipuko wa ugonjwa ni kingine. Hakukuwa na nafasi ya mtu kuieleza tofauti hiyo hadharani kwa utulivu. Malecela baadaye aliongoza idara ya magonjwa yaliyosahaulika katika Shirika la Afya Duniani, na alifariki dunia Februari 2022.

Mwaka 2018 mambo yalibana zaidi. Asasi ya Twaweza ilipochapisha Julai matokeo ya kura ya maoni iliyopigwa kwa simu, COSTECH iliiandikia ikihoji kibali cha utafiti. Septemba mwaka huohuo Sheria ya Takwimu ya 2015 ilirekebishwa, ikafanya kuwa kosa la jinai kuchapisha takwimu zinazokusudiwa kupinga au kupotosha zile rasmi. Juni 2019 Bunge liliondoa adhabu hiyo. Hoja ya serikali haikuwa ya kubeza moja kwa moja: takwimu mbovu zipo, na soko lina wauzaji wa kila namba. Lakini dawa ya takwimu mbovu ni kuonyesha mbinu iliyozaa kila moja, na mbinu haziwezi kulinganishwa kama upande mmoja unaogopa kufungua mdomo.

Kisha ikaja korona. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Machi 2020, na mwanzoni mwa Mei taarifa za idadi zikakoma zikiwa zimefikia wagonjwa 509 na vifo 21. Kwa takriban mwaka mzima jiji liliishi bila namba. Ndoo za kunawia zilibaki milangoni kwa muda, watu wakajifukiza, na habari zikasafiri kwa sauti za simu zilizorushwa kutoka kundi hadi kundi. Pengo la takwimu halikuacha pengo la maelezo. Maelezo yalijazwa na yeyote aliyekuwa na ujasiri. Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu mwaka 2021, ikapendekeza takwimu zitolewe tena, na chanjo ikazinduliwa Julai. Wahudumu waliokwenda kuhamasisha chanjo walikuta uwanja ambao tayari ulikuwa na walimu wengine.

Kuaminika hujengwa mapema, na kuna mfano wa Dar es Salaam unaothibitisha. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kilianza jaribio la chanjo ya VVU lililowashirikisha watu 60 wa kujitolea, ambao walikuwa askari polisi wa jiji. Kabla ya sindano ya kwanza ilibidi maswali yajibiwe: je, chanjo yenyewe inaweza kuleta ugonjwa, familia ielezweje, kipimo kikisoma chanya kwa sababu ya chanjo mtu atajiteteaje? Mtafiti aliyejibu maswali kama hayo kwa Kiswahili cha kantini ya polisi alikuwa akifanya kazi ngumu kuliko kuandika makala.

Ugumu huo una chanzo kinachojulikana. Sayansi Tanzania husomeshwa kwa Kiingereza kuanzia kidato cha kwanza, makala huandikwa kwa Kiingereza, na mtaalamu hufika umri wa kustaafu bila kuwahi kulazimika kueleza kazi yake kwa lugha anayoiongea nyumbani. Istilahi si kisingizio. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kinachokosekana ni sababu ya kuitumia: mhadhiri hupandishwa cheo kwa makala zilizochapishwa katika majarida, na kikao cha saa tatu kwenye ofisi ya kata hakina pa kuandikwa. Kuna pia kizuizi cha bei. Tangu 2002 mpango wa Hinari wa Shirika la Afya Duniani umeziwezesha taasisi za nchi maskini kusoma majarida ya tiba bure au kwa bei ndogo, lakini mlango huo ni wa taasisi. Mwandishi wa habari za afya, diwani, au mwalimu wa sekondari anayeishi mita 500 kutoka maabara ulikofanyika utafiti hukutana na ukurasa unaomdai dola.

Kariakoo yenyewe inafunza jambo ambalo wataalamu huchelewa kulielewa. Soko lile, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, limekuwa kituo cha takwimu tangu siku ya kwanza. Serikali hukusanya bei za jumla za mahindi, mchele na maharage kutoka masoko ya nchi na kuzitoa kila wiki. Dalali wa viazi ana za kwake za saa hii. Anajua kutoka kwa dereva kwamba barabara imekatika, anajua lori ngapi zipo njiani, na bei inapanda kabla ya taarifa yoyote kuandikwa. Namba zake hazina kumbukumbu wala mbinu, na zinaweza kupikwa kwa faida yake. Namba za wizara zina kumbukumbu ila zimepoa. Mchumi mwerevu huzitaka zote mbili.

Kwenye majengo ya Kariakoo na ya katikati ya jiji ndipo utaalamu na wakazi walipokosana kabisa. Tarehe 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa lililokuwa na maduka liliporomoka Kariakoo, likaua watu zaidi ya 20, na waokoaji wakafanya kazi kwa siku kadhaa wakiwapelekea waliofukiwa maji na hewa. Waziri Mkuu aliunda kamati ya kukagua majengo ya eneo hilo. Nchi ina bodi za wahandisi, wasanifu na wakandarasi, na eneo la ujenzi hutakiwa kuwa na bango linalotaja wahusika wa kitaalamu. Jengo likikamilika bango huondolewa. Baada ya hapo mpangaji anayelipa kodi ya fremu kwa mwaka mzima hana mahali pa wazi pa kusoma kama jengo limekaguliwa, lini, na kwa ghorofa ngapi liliidhinishwa.

Kwa upande wa pili, baada ya ajali ya 2024 wafanyabiashara walieleza kwamba chini ya jengo kulikuwa na uchimbaji wa kuongeza nafasi za biashara. Walioshinda pale waliona na kusikia. Nyundo inayopiga chini ya sakafu, udongo unaotolewa usiku, mlango ambao ghafla haufungi vizuri kwa sababu fremu imepinda: kwa mhandisi hizo ni data, na mwenye duka anazo kabla ya mkaguzi yeyote. Mkazi wa Kigogo aliyeonyesha kwa mkono kwamba maji yalifika kiunoni alikuwa na mwanafunzi mbele yake mwenye simu ya kuandika jibu, na jibu hilo likaingia kwenye ramani. Mwenye duka hana wa kumwandikia hivyo: anaweza kumwambia mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ambaye hana mhandisi. Anaweza kwenda halmashauri, ambako suala hugawanyika kati ya ofisi ya vibali na ya ukaguzi. Anaweza kumwambia mwenye jengo, ambaye ndiye anayechimba na ndiye mwenye uwezo wa kumnyang'anya fremu.